"Pampu inatoa maji?" Wiki ya klabu yetu hapa Mwanza

Ukisikia klabu ya huduma kwa jamii najua kinachokujia kichwani, ni ile picha ya watu wamevaa fulana za kufanana, wameshika hundi kubwa ya boksi, katikati kuna mwalimu mkuu anatabasamu hajui aangalie kamera ipi. Mimi ni katibu wa klabu moja ya Rotary hapa Mwanza (ipi msiniulize, zipo kadhaa) na picha za hivo zimejaa kwenye simu yangu mpaka inagoma kupokea video. Sasa ile picha inapigwa dakika mbili, kilichobaki cha wiki nzima hakuna anayekipiga picha, na mimi naona uhai wa klabu uko huko huko.

Wiki yetu inaanza Jumatatu kwenye grupu la WhatsApp. Natupia ujumbe, jamani Alhamisi nani anakuja, maana hoteli inataka idadi mapema na ukishataja sahani 25 utalipia sahani 25 hata mkija kumi. Hapo ndo utawajua watu. Kuna wanaojibu palepale "ntakuwepo" na hawajawahi kuonekana tangu mvua za vuli, kuna wanaosoma na kukaa kimya, kuna mama mmoja hajibu kitu ila lazima aje tena na mgeni. Na hawa hawa wanaonidanganya Jumatatu ndio Alhamisi wanasimama na sauti kubwa kusoma yale Maswali Manne. Kwa wasioyajua, Maswali Manne ni kipimo ambacho wanarotary wanajiuliza kabla ya kusema au kutenda jambo: je ni kweli, je ni haki kwa wote wanaohusika, je kitajenga nia njema na urafiki, je kitawafaa wote wanaohusika. Aliyeyatunga ni Herbert Taylor mwaka 1932, mfanyabiashara wa Chicago aliyekabidhiwa kampuni ya masufuria iliyokuwa inakaribia kufilisika, akaona wafanyakazi wake wanahitaji kitu kifupi cha kukishika kichwani. Mimi nasema swali la kwanza lingeanzia kwenye orodha ya sahani.

Habari ya sahani ilitugombanisha sana lakini. Zamani tulikuwa tunakula bufee kamili, wali, kuku, sato, matunda, na hela yake kwa mwezi ukijumlisha na ada ya klabu na ile inayoenda makao makuu kule Evanston, Marekani, mwalimu wa sekondari hawezi. Tukawa tunapoteza watu wazuri kimyakimya, mtu hasemi hana hela, anasema yuko bize. Vijana waliotokea Rotaract, zile klabu za vijana za Rotary, ndio walioondoka wengi. Kuna waliosema tukishusha chakula tunashusha hadhi ya klabu, nikajiuliza hiyo hadhi inakaa kwenye kuku au wapi. Ilibidi tupige kura, siku hizi ni chai, sambusa na karanga, anayetaka chakula kizito anaagiza kwa hela yake. Walimu wawili wamerudi. Wazee wawili watatu bado wananuna wakiona birika la chai, watazoea.

Jumatano ni siku ya presha. Mzungumzaji wa wiki, uliyemuomba mwezi mzima, anapiga simu saa kumi jioni anasema yuko Dodoma. Si kosa lake, Mwanza kila mkubwa ana safari ya Dodoma. Basi natafuta mwanachama wa kuziba, aje asimulie kazi yake, na niwaambie ukweli hizi za kuziba mara nyingi ndizo tamu kuliko za wakubwa na slaidi zao. Juzi kati alisimama mwenzetu anayenunua dagaa pale Mwaloni Kirumba na kuwapeleka Kongo. Akatueleza kwa nini bei inapanda na kushuka kufuata mwezi. Kwamba dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, dagaa wanafuata mwanga, sasa mbalamwezi ikiwaka ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi haina maana, kwa hiyo siku za mwezi mpevu mitumbwi inapumzika na bei sokoni inapaa. Watu tumezaliwa hapa, tumekula dagaa tangu tunaota meno, na nusu ya chumba walikuwa hawajui. Maswali yaliendelea mpaka Rais akagonga kengele kwa nguvu.

Ndio, tuna Rais, na kengele, na kinyundo cha kuigongea. Mkutano unaanza saa 12 na nusu jioni na ikifika saa moja na nusu umekwisha, hata kama waziri yuko katikati ya sentensi. Kwa sisi tuliozoea kikao cha saa nne kinachoanza saa sita hii ndo ilikuwa ngumu kuliko yote, mgeni akija mara ya kwanza anafika saa moja na nusu ametulia kabisa, anakuta watu wanasimama kuondoka. Wa Buhongwa wanasingizia foleni ya Mkuyuni. Tulikuwa na mmoja anafanya kazi migodini Geita, yeye alikuwa na kisingizio cha kudumu, kivuko, na ulikuwa huwezi kumbishia kwa sababu kivuko kweli kilikuwa na mambo yake. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe 2025 hana pa kujificha, siku ya kwanza kuchelewa baada ya daraja Sajenti alimsubiri mlangoni na kikapu.

Sajenti ndiye moyo wa jioni. Kazi yake ni nidhamu na faini, na faini zenyewe ni vituko. Simu ikilia, faini. Ukitokea gazetini, faini. Umenyoa ndevu, faini, na aliye karibu naye asiyegundua naye faini. Umenunua gari unatozwa kwa kununua, hujanunua unatozwa kwa kutuchelewesha kukupongeza. Simba na Yanga wakishacheza tu ndio mavuno, walioshinda wanatozwa kwa kelele na walioshindwa kwa kununa. Halafu zinakuja shilingi za furaha, hizo unatoa mwenyewe na kusema kwa nini umefurahi: mtoto kafaulu, mama katoka hospitali, nimepata kodi ya mwaka mzima. Ni buku, ni buku mbili, kikapu kinazunguka. Wakati wa kutoa furaha utasikia mambo ambayo mtu hatakwambia barabarani. Kuna mzee mmoja, mkimya kweli, aliweka elfu kumi akasema leo nimelala usiku wote bila kuamka, akakaa. Mke wake alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Hakuna aliyepiga makofi, Sajenti mwenyewe akapita mbele bila utani.

Kuna desturi moja ya Rotary ambayo imetushinda, ya kuitana majina ya kwanza. Wenzetu huko wanaona ndo usawa, bosi na karani wote wanaitana jina. Sasa niambie mimi, mwanamke wa miaka 34, namwitaje kwa jina lake tupu mzee aliyesoma na baba yangu? Hata mdomo haufunguki. Tukapata njia ya katikati, tunaweka "Rotariani" mbele ya jina, na waliowahi kuongoza klabu tunawaita Pipi, yaani Past President kwa kifupi, kwa hiyo ukipita karibu na ukumbi wetu utasikia mtu mzima ana mvi anaitwa Pipi na anaitika bila wasiwasi. Mgeni mmoja alicheka mpaka akapigwa faini.

Na ngoja niliseme hili la Freemason maana najua kuna mtu linamkereketa. Nilipojiunga mama yangu alinipigia simu usiku, "mwanangu nasikia umeingia kwenye ile dini ya watu wenye hela, wanaotoa kafara." Alikuwa ameona ile gurudumu kwenye beji yangu. Ni gurudumu la gia jamani, lina meno 24 na spoku 6, na katikati lina kajinafasi ka kuliunganisha na mhimili, kaliongezwa baada ya watu kulalamika kwamba gia isiyo na kitu cha kuishikilia kwenye mhimili haifanyi kazi yoyote, inazunguka bure. Nikamwambia mama njoo Alhamisi uone. Akaja na kitenge chake cha kanisani, akakaa nyuma akisubiri hiyo kafara itoke wapi, akala sambusa tatu, akasikia ripoti ya mhazini ndeefu ya kusinzia. Njiani akaniambia, "hawa hawana siri yoyote, wana maneno mengi tu." Majirani bado wanamuuliza, anawajibu hivohivo.

Siri kweli hakuna. Kitu kilianza tarehe 23 Februari 1905 kule Chicago, mwanasheria Paul Harris, mpweke katika mji mkubwa, akakutana na wenzake watatu, injinia wa migodi, muuza makaa ya mawe na mshona suti, ofisini kwa huyo injinia. Wakawa wanakutana kwa zamu, wiki hii kwako wiki ijayo kwangu, na jina limetokana na huko kuzunguka. Huku kwetu klabu ya Nairobi ipo tangu 1930. Wanawake tulikuwa haturuhusiwi, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi mwaka 1987 na kufikia 1989 mlango ukafunguliwa dunia nzima, kwa hiyo mjue mimi nimezaliwa baada ya hapo kidogo tu, na kuna mashangazi walioanza klabu hizi wakiwa wanawekwa meza ya pembeni na wake za wanachama. Na mtu wetu wa Afrika Mashariki, Sam Owori wa Uganda, alichaguliwa kuwa Rais wa Rotary dunia nzima kwa mwaka 2018-19, akafariki Julai 2017 kabla hajakalia kiti. Wazee wetu waliomfahamu wakimtaja utajua tu.

Haya, sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Kila tarehe 1 Julai klabu inabadilisha Rais. Mwaka mmoja, basi, shuka apande mwingine. Ni mpango mzuri kwa sababu hakuna mtu anayeota mizizi kitini (tungeyajua haya na kwingine!) lakini una ubaya wake na ubaya wenyewe hausemwi. Kila Rais mpya anataka mradi wake. Mwaka huu madawati, mwaka kesho matundu ya choo, keshokutwa miti. Na kila mradi una ufunguzi, utepe, fulana, ile picha. Ule wa mwaka juzi unabaki huko ulikobaki, si kwa roho mbaya, ni kwamba hauko kwenye ajenda ya mtu.

Klabu yetu miaka kadhaa nyuma ilichimba kisima kwenye shule moja ya msingi nje ya mji. Pampu ya mkono, kibao cha majina, kila kitu. Na tuna mzee mmoja, Pipi wa zamani sana, alikuwa mkandarasi wa barabara, ambaye kila Alhamisi ikifika kipengele cha mengineyo ananyoosha mkono na kuuliza swali moja. "Pampu inatoa maji?" Kila wiki. Haulizi lingine. Mwanzoni nilidhani ni uzee, nikawa naandika kwenye muhtasari "swali la kawaida". Rais mmoja aliwahi kumpiga faini ya kurudia swali, akalipa, wiki iliyofuata akauliza tena na faini akaiweka kabisa juu ya meza.

Kwa sababu yake ilibidi kila wiki awepo mtu wa kujibu. Na ili ujibu lazima umpigie mwalimu. Ukimpigia mwalimu kila wiki anaanza kukwambia vitu. Kwamba maji yanatoka ila asubuhi watoto wanapampu sana kabla hayajaja. Mkandarasi wetu aliposikia hivo akasema hiyo ni valvu ya chini inavuja, usiku maji yanashuka yote kwenye bomba, asubuhi unaanza kuyavuta upya kutoka chini, na kama yangekuwa yanakuja mara moja lakini kidogokidogo hapo ungesema mpira wa pistoni umeisha. Vyote viwili ni vitu vidogo vya bei ndogo, ila usipovibadilisha unamaliza chuma chenyewe, na siku pampu ikifa kabisa kijiji kinarudi bwawani na kibao chetu cha majina kinabaki kimesimama hapo kama kaburi.

Ndo tukaenda Jumamosi. Jumamosi zetu kawaida ni za kazi, si vikao. Tukakuta fundi wa pale kijijini anaijua pampu vizuri kuliko sisi wote, tatizo lake ni vipuri, na hela ya vipuri. Jumuiya ya watumia maji inakusanya hela ya ndoo, daftari wanalo, lakini kisima kiko ndani ya eneo la shule, kwa hiyo jumuiya inasema ni cha shule, shule inasema ni cha kijiji, na wote wakitazamana wanasema ni cha Rotary. Tulikaa chini ya mwembe mpaka saa tisa. Mwenyekiti wa kijiji, mama mmoja wa kamati, mwalimu mkuu, na mtu wa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, aliyefika kwa pikipiki akatueleza utaratibu vizuri, kwamba vyombo vya watumia maji ndio wenye kazi ya kuendesha na kukarabati, na kisima kikiingizwa kwenye orodha yao basi kina mwenyewe. Sisi hatukuwahi kulifikiria hilo wakati wa kukata utepe. Mama wa kamati akaniuliza, "dada, mlipokuja kuchimba mbona hamkutuita tukae hivi?" Sikuwa na jibu la maana, nilikuwa bado sijajiunga hiyo miaka, lakini beji nilikuwa nimeivaa.

Siku hizi mfuko wa Rotary wenyewe umelishtukia hilo. Ukiomba ile ruzuku kubwa, ambayo bajeti ya mradi lazima ianzie dola 30,000, hupati mpaka uonyeshe umekaa na wananchi ukapima wanachohitaji kabla, na uonyeshe nani ataendesha ukiondoka, na makaratasi unayatunza miaka 5. Wengi kwenye klabu wanalalamikia hizo fomu, wanasema ni usumbufu. Mimi ndiye ninayezijaza na sioni usumbufu, ni swali la mzee wetu tu limewekwa kwenye fomu.

Nisiwachoshe na Jumamosi zingine, kuna ya damu inafanyika mara kwa mara, hasa shule zikifungwa maana wachangiaji wengi ni wanafunzi wa sekondari, wakienda likizo benki ya damu inakauka. Ujue tu kama una miaka 18 na kilo zaidi ya 50 na afya yako iko sawa unaweza kutoa, mwanaume kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4, na damu yenyewe haizidi mililita 450 au hapo karibu. Na 2022, ugonjwa wa polio ulipoonekana Malawi mwezi wa pili wakati Afrika ilikuwa imeshatangazwa haina virusi vya polio vya asili tangu Agosti 2020, serikali ikaendesha chanjo ya nyumba kwa nyumba na sisi tulikuwa tunabeba maboksi ya baridi nyuma ya wahudumu, tunapanda mawe ya Mabatini juani, mlima wa Mwanza haukuonei huruma kwa sababu umejitolea. Mtoto akidondoshewa matone anapakwa wino kidoleni. Kuna bibi alikataa kufungua mlango mpaka tulipomtanguliza yule mwenzetu wa dagaa, alikuwa mteja wake. Rotary duniani imekuwa na hii vita ya polio tangu 1985, hela nyingi sana zimeingia huko, lakini pale mlangoni kilichofungua ni dagaa.

Kuhusu kukutana kila wiki, tangu 2016 kanuni zimelegezwa, klabu inaweza kukutana mara mbili tu kwa mwezi, na zamani ukikosa mikutano minne mfululizo bila kwenda kulipizia klabu nyingine uanachama wako ulikuwa hatarini. Vijana walileta hoja tukutane mara mbili, watu wana kazi, mafuta bei juu. Hoja nzuri tu. Mimi nilipiga kura ya hapana na nilisema sababu: pampu ile ingeulizwa mara mbili kwa mwezi mwalimu asingenipigia mwenyewe siku ile ilipoanza kutoa mlio. Tulishinda kwa kura chache, na waliotaka mara mbili bado wananitania kwamba nimeolewa na Alhamisi.

Valvu imeshabadilishwa, fundi kabadilisha na mipira pia, kisima kimeingia kwenye orodha ya jumuiya na wamefungua akiba ya vipuri. Alhamisi iliyofuata mzee akanyoosha mkono, nikajiandaa kujibu kwa mbwembwe. Akauliza, "Na akiba ya vipuri imefika ngapi?" Kwa hiyo sasa tuna swali jipya la kila wiki.

Alhamisi hii mzungumzaji ni fundi mwenyewe. Tumemkaribisha aje na ile valvu ya zamani atuonyeshe ilivyoliwa, dakika ishirini kama waziri, kengele inamhusu na yeye. Nilipompigia aliuliza kama ni lazima suti, nikamwambia hapana, akauliza kama maswali yatakuwa ya Kiingereza, nikamwambia hapana, halafu akauliza nauli yake ya kuja na kurudi analipa nani. Nimempelekea mhazini, kasema itabidi tuipigie kura.